Ukoko wa Chokaa Katika Bwawa la Kuogelea la Nyumbani: Chanzo, Hatari na Namna ya Kuuondoa

Katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, bado lipo birika la kuogea lenye pembe nane, lililojengwa katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo ndilo lililojenga misikiti, majumba na makaburi ya kale ya pwani, na ndilo lililochomwa katika matanuri ili kupata chokaa ya kupakia kuta. Hadi leo sehemu kubwa ya mwambao imekaa juu ya mwamba huo, na maji ya visima vinavyochimbwa ndani yake hupanda juu yakiwa yamebeba chembe za jiwe zilizoyeyuka.

Kwa mkazi anayechemsha maji ya kisima, matokeo yake ni utando mweupe ndani ya birika la chai. Kwa mwenye bwawa la kuogelea nyumbani, mwenye nyumba ya wageni au mwenye ukumbi unaokodishwa kwa sherehe za watoto, matokeo yake ni mstari mweupe unaozunguka vigae pale uso wa maji unapoishia, kuta zinazokwaruza ngozi kama msasa, na mabomba yanayozibwa kidogo kidogo. Utando huo ndio unaoitwa hapa ukoko wa chokaa.

Wengi huuona ukoko kama doa la kuharibu sura, wakaagiza usuguliwe kisha wakarudi kuogelea. Ukweli ni kwamba mara nyingi ukoko ni dalili. Maji yanayojenga ukoko kwa kawaida ndiyo maji ambamo klorini imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuua vijidudu. Anayesugua ukuta bila kurekebisha maji ameondoa dalili na kuuacha ugonjwa.

Ukoko hutoka wapi

Maji magumu ni maji yenye kalsiamu na magnesi nyingi. Kalsiamu hiyo hukaa ndani ya maji bila kuonekana mradi hali ya maji inairuhusu kubaki imeyeyuka. Maji yakipata joto, au kiwango chake cha pH kikipanda, uwezo huo hupungua. Kalsiamu huungana na kaboneti na kuganda juu ya kitu chochote kilicho karibu: kigae, ngazi, ukuta au mchanga wa chujio. Kinachoganda ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa ileile iliyomo katika jiwe la matumbawe.

Jua na upepo huongeza tatizo. Maji yanapogeuka mvuke, chokaa haiondoki nayo, hubaki bwawani. Mfano ufuatao unaonyesha ukubwa wa jambo hili. Bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina maji ya mita za ujazo 48. Likipoteza nusu sentimita kwa siku kwa mvuke, limepoteza lita 160, na kwa mwezi wa siku 30 lita 4,800. Mwenye bwawa hujaza pengo hilo kwa maji ya kisima. Ikiwa maji hayo yana ugumu wa miligramu 400 kwa lita, kila mwezi anaingiza karibu kilo 2 za chokaa, na kwa mwaka kilo 23, yaani karibu nusu ya mfuko wa saruji. Sehemu yake hutoka na maji yanayorushwa nje au kufurika wakati wa masika, lakini iliyobaki lazima itafute mahali pa kukaa.

Dawa yenyewe nayo huchangia. Klorini ya unga inayotumiwa na wengi ni hipokloriti ya kalsiamu. Kilo moja ya unga wenye nguvu ya asilimia 65 huongeza bwawani kalsiamu inayolingana na zaidi ya gramu 400 za chokaa, na pia hupandisha pH. Kwa hiyo mwenye maji magumu anayemimina unga huo siku baada ya siku bila kupima anajenga ukoko kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa nini ukoko ni suala la afya

Kipimo cha pH, kilichobuniwa nchini Denmark mwaka 1909 na mwanakemia Søren Sørensen, huonyesha iwapo maji yameelekea upande wa tindikali au upande wa alikali. Namba 7 ndiyo katikati. Kila hatua moja ya namba hizo ni badiliko la mara kumi, hivyo tofauti kati ya 7.2 na 8.2 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Klorini ikiingia majini hugawanyika katika maumbo mawili: moja lina nguvu kubwa ya kuua vijidudu, la pili ni dhaifu sana. Mgawanyo huo unategemea pH. Katika pH ya 7.2, takriban theluthi mbili ya klorini huwa katika umbo lenye nguvu. Katika 7.5 ni karibu nusu. Katika 8.0 ni kama robo tu, na katika 8.5 haifiki hata sehemu moja ya kumi. Bwawa lenye pH ya 8.5 laweza kuwa na klorini ileile kwa kipimo, na bado likashindwa kuwalinda watoto dhidi ya vijidudu vya kuhara na maambukizi ya masikio na ngozi.

Lipo pia suala la kuona. Chokaa inapoanza kuganda ndani ya maji yenyewe, maji hugeuka meupe mithili ya maji ya mchele. Mtoto aliyezama katika maji ya namna hiyo haonekani kutoka ukingoni. Kanuni ni moja na haina msamaha: ikiwa kifuniko cha tundu la kutolea maji kwenye sakafu ya sehemu yenye kina hakionekani wazi, mtu yeyote asiingie bwawani mpaka maji yasafike.

Kwa upande mwingine, maji mang'avu peke yake si uthibitisho wa usalama, wala harufu kali ya klorini si ishara ya dawa nyingi. Harufu hiyo na macho kuwasha mara nyingi husababishwa na klorini iliyokwisha kufungamana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Ni ishara kwamba klorini huru iliyobaki haitoshi.

Vipimo vinavyotakiwa

Vifaa vya kupimia maji ya bwawa ni vya aina mbili: vijikaratasi vinavyobadilika rangi, na vichupa vyenye matone ya dawa. Vichupa hutoa majibu ya uhakika zaidi. Maji ya kupima yachotwe kwenye kina cha kiwiko cha mkono, mbali na mdomo wa bomba linalorudisha maji. Mambo manne hutazamwa.

Kwanza, klorini huru: kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Penye dawa ya kuikinga klorini dhidi ya jua, yaani asidi ya sianuriki, isipungue 2.

Pili, pH: kati ya 7.2 na 7.8. Kwa wenye maji magumu, ni vyema kukaa kati ya 7.2 na 7.6.

Tatu, ualikali wa jumla, ambao ni uwezo wa maji kuipinga pH isiyumbe: kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Ukiwa mdogo mno, pH huruka huku na huko. Ukiwa mkubwa mno, pH hupanda kila mara na ukoko huongezeka.

Nne, ugumu wa kalsiamu: kati ya miligramu 200 na 400 kwa lita.

Vipimo hivi havisomwi kila kimoja peke yake. Mwaka 1936 Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa kanuni ya kukokotoa iwapo maji yataganda chokaa au yataiyeyusha, kwa kuunganisha pH, ualikali, kalsiamu, joto na chumvi zilizoyeyuka. Alikusudia mabomba ya maji ya miji, lakini kanuni yake ndiyo msingi wa kutunza mabwawa hadi sasa. Fundisho lake ni kwamba hatari ziko pande zote mbili. Maji yaliyozidi chokaa hujenga ukoko. Maji yaliyopungukiwa huitafuta chokaa kwingine, yakala saruji iliyo kati ya vigae na kutoboa vyuma vya pampu. Shabaha ni mizani iliyosimama katikati, si kuondoa kalsiamu yote.

Kurekebisha maji

Kazi huanza na ualikali, kisha pH, na mwisho klorini. Anayeanza na klorini katika maji yenye pH ya juu anatupa fedha majini.

Ualikali na pH vikiwa juu, hushushwa kwa asidi ya hidrokloriki, ambayo mafundi huiita tindikali. Kwa bwawa la mita za ujazo 50, lita moja ya tindikali yenye nguvu ya asilimia 33 hushusha ualikali kwa takriban miligramu 10 kwa lita, na pH hushuka pamoja nao. Dozi isitiwe yote kwa pamoja. Nusu lita hutosha kwa mara moja. Pampu iachwe izungushe maji kwa saa kadhaa, kisha yapimwe upya kabla ya kuongeza. Ualikali ukiwa chini, hupandishwa kwa sodiamu bikaboneti, ambayo ni soda ileile inayotumika kuumulia keki. Gramu 840 katika bwawa la ukubwa huo hupandisha kwa miligramu 10.

Ugumu wa kalsiamu ni jambo jingine, kwa kuwa tindikali haiondoi kalsiamu. Huifanya tu ibaki imeyeyuka. Njia ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza maji laini. Hapa ndipo wengi hukosea. Bwawa lenye ugumu wa 600 haliwezi kushuka chini ya 400 kwa kujazwa maji ya kisima chenye ugumu wa 400, hata likibadilishwa maji yote. Maji ya mvua, ambayo karibu hayana kalsiamu, ndiyo dawa ya bei nafuu. Kwa bwawa hilohilo la ugumu wa 600, kubadilisha theluthi moja ya maji kwa maji ya mvua hutosha kufikia 400.

Paa la bati lenye mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50, hutoa karibu lita 5,000. Kiasi hicho ni sawa na upotevu wa mwezi mzima katika mfano uliotolewa juu. Mkazi mwenye tangi la kuvunia mvua ya masika na vuli ana kinga ya ukoko juu ya nyumba yake. Atakapojaza maji hayo, apime ualikali na pH, kwa kuwa maji ya mvua huvishusha vyote viwili. Kulifunika bwawa usiku kwa turubai lililokazwa vizuri pia hupunguza mvuke.

Kuondoa ukoko uliokwisha kuganda

Maji yakishawekwa sawa, ukoko wa zamani huweza kushughulikiwa. Hatua ya kwanza ni kuutambua. Matone ya siki yakidondoshwa juu yake, kalsiamu kaboneti hutoa mapovu. Usipotoa mapovu, yaelekea ni ukoko mgumu wenye silika, ambao siki haiuwezi na unahitaji fundi mwenye uzoefu.

Ukoko mwepesi kwenye vigae hulainishwa kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, kikaachwa juu yake kwa dakika kadhaa, kisha ukasuguliwa kwa brashi ya nailoni. Mkaidi zaidi huondolewa kwa jiwe la kusugulia nyayo, jiwe na kigae vyote vikiwa vimelowa ili kigae kisikwaruzwe. Jiwe hilo lisitumike kwenye bwawa lenye ngozi ya plastiki. Brashi ya waya wa chuma isitumike popote, kwa kuwa vipande vyake hubaki ukutani na kuota kutu.

Ukoko mwembamba wa kwenye kuta mara nyingi huyeyuka wenyewe kwa wiki kadhaa endapo pH itashikiliwa karibu na 7.2 na kuta kusuguliwa kila baada ya siku chache. Njia hii ni ya polepole, lakini haiharibu ukuta na haimweki mtu yeyote hatarini.

Kumwaga maji yote na kuosha kuta kwa tindikali kuwe hatua ya mwisho. Tindikali hula saruji pamoja na ukoko, hivyo kila uoshaji hupunguza unene wa ukuta. Isitoshe, maeneo mengi ya mwambao yana maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, hasa wakati wa masika. Bwawa likiwa tupu, maji hayo yaweza kulisukuma kutoka chini, likapasuka au kuinuka. Kazi hiyo ifanywe kiangazi, na fundi anayejua kina cha maji ya eneo husika.

Usalama wa anayefanya kazi

Katika nyumba nyingi, anayeshika tindikali si mwenye bwawa bali ni kijana wa bustani au mlinzi, ambaye mara nyingi hajaelezwa lolote. Mwenye nyumba ana wajibu wa kumpa miwani ya kukinga macho, glavu za mpira na viatu vilivyofunika miguu, pamoja na maelekezo yafuatayo.

Tindikali humiminwa ndani ya maji. Maji hayamiminwi ndani ya tindikali, kwani mchanganyiko huchemka ghafla na kurukia uso. Hutangulizwa ndoo ya plastiki yenye maji mengi, ndipo tindikali ikaongezwa taratibu, na mchanganyiko humwagwa sehemu yenye kina, pampu ikifanya kazi na bwawa likiwa halina mtu.

Tindikali na klorini zisikutane kamwe, iwe katika ndoo, katika kopo la kupimia au katika rafu moja ya stoo. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, ambayo ilitumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, katika shimo la pampu au chumba kisicho na dirisha. Vilevile klorini ya unga na ile ya vidonge zisichanganywe, kwani mchanganyiko wake waweza kuwaka au kulipuka.

Aliyevuta gesi atolewe haraka mahali penye hewa safi na apelekwe kituo cha afya. Anayekwenda kumwokoa asishuke katika shimo la pampu lenye gesi bila vifaa vya kupumulia; badala yake apige simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Aliyerukiwa na tindikali aoshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya.

Kemikali zinunuliwe zikiwa katika chombo chake halisi chenye lebo. Tindikali iliyotiwa katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa ni mtego kwa watoto. Uuzaji na utunzaji wa kemikali hizi unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003.

Maji yanayotolewa

Maji ya bwawa yanayomwagwa huenda mahali fulani, na mahali hapo mara nyingi ni kwa jirani. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mianya mingi. Maji yanayomwagwa upande mmoja yaweza kufika kisima cha upande wa pili yakiwa hayajachujwa. Kabla ya kuyatoa, uwekaji wa klorini usimamishwe kwa siku kadhaa huku jua likiyapiga, mpaka kipimo kionyeshe kwamba klorini imekwisha na pH iko karibu na 7. Maji yaliyotumika kuosha kuta kwa tindikali yatiwe soda mpaka yasitoe tena mapovu. Yatolewe polepole juu ya ardhi yenye nyasi, mbali na visima, na yasielekezwe barabarani, kwenye mikoko wala katika shimo la choo.

Bwawa lililoachwa bila kutunzwa kwa sababu ya gharama nalo ni tatizo la kata nzima. Maji ya mvua yanayotuama humo huwa mazalia ya mbu.

Utaratibu wa kila wiki

Klorini na pH zipimwe kila siku bwawa linapotumika, na zaidi siku zenye waogeleaji wengi. Ualikali upimwe mara moja kwa wiki, ugumu wa kalsiamu mara moja kwa mwezi, na kila mara baada ya mvua kubwa. Majibu yaandikwe katika daftari linalokaa karibu na pampu, pamoja na tarehe, kiasi cha dawa iliyotiwa na jina la aliyeitia. Mwenye nyumba ya wageni au ukumbi wa sherehe awe tayari kumwonyesha daftari hilo afisa afya wa kata anapofika kukagua, na mzazi anayekodisha bwawa kwa ajili ya watoto asione haya kuliomba.

Mkazi asiyejua ugumu wa maji ya kisima chake amuulize afisa afya wa kata namna ya kufikisha sampuli katika maabara ya ubora wa maji. Kipimo hicho kimoja, kikifanywa kabla ya kununua dawa yoyote, humweleza mwenye bwawa ni chokaa kiasi gani anaingiza kwa kila tangi analojaza, na ni kiasi gani cha mvua anachopaswa kuvuna ili kuipunguza.